Jiwe la Sabuni Chini ya Boneti

Gari lile lilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na tangu siku lilipogoma kuwaka sikuweza kukaa kitini dakika tano. Nilikuwa fundi wa redio mjini Keroka. Kibanda changu kilitazama barabara ya kwenda Kericho, na kazi yangu ilikuwa ya kukaa: unainama, unatazama, unangoja. Lakini wiki zile mbili nilitengeneza redio za watu nikiwa nimesimama. Nikimaliza waya mmoja, natoka nje, natazama barabara kana kwamba kuna mtu anayeniletea kitu, kisha narudi.

Mke wangu alikuwa mkunga. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kuzungukia akina mama wajawazito majumbani, kutoka kwetu hadi Nyamira, kwa sharti moja: awe na gari lake mwenyewe. Jumatatu fulani alitakiwa afike kituoni Nyamira kwa gari hilo, kisha aanze mzunguko wake wa kwanza. Akifika, kazi ni yake. Asipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine na yeye anapelekwa kaskazini, safari ya siku mbili kutoka nyumbani. Tulikuwa na watoto watatu, mdogo bado ananyonya.

Na gari nilikuwa nimelichagua mimi. Hapo ndipo paliponiuma. Mkulima mmoja wa Kizungu alikuwa anafunga virago, anauza kila kitu. Ndugu za mke wangu walimwambia anunue gari la kawaida, lile ambalo kila duka la Kisii lina vipuri vyake. Mimi nikafungua boneti ya gari la yule mkulima, nikaona kisanduku cha aluminiamu chenye mapezi kama samaki, nikajua ndani yake mna transista. Nikamwambia mke wangu, "Hili ni gari la kesho." Akaniamini.

Nieleze kidogo, na usiogope, si jambo gumu. Ili petroli iwake ndani ya injini panatakiwa cheche. Katika magari ya siku zile cheche iliamriwa na platini, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikichakaa, unavisugua kwa msasa, unaendelea na safari. Gari letu halikuwa na platini. Kazi hiyo ilifanywa na kisanduku: transista moja kubwa, umbo la yai lililobanwa, iliufungua na kuukata umeme bila kitu chochote kugusana. Ni kazi safi sana, mpaka siku inapokufa. Ikifa, hakuna cha kusugua.

Ilikufa siku kumi na mbili kabla ya Jumatatu ile.

Nilikwenda posta nikapiga simu Nairobi kwa walioleta gari. Sauti ya upole ikanijibu kwamba magari ya aina ile yaliyoingia nchini yanahesabika kwa vidole, na kwamba kisanduku kingeweza kuagizwa ng'ambo, miezi minne. Nikaenda Kisii mjini kwa makanika niliyemfahamu. Akatoka chini ya lori, akajifuta mikono, akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo gari halina platini?"

"Halina."

"Na distributa ya gari lingine, yenye platini zake, haiingii?"

"Nimejaribu mbili. Haziingii."

Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu ameoa binti wa mfalme, sasa anatafuta shemeji wa kumsaidia kuchota maji!" Wakacheka mpaka wakaangusha spana. Kisha akanishika bega. "Pole, bwana redio. Ningekuwa na kitu ningekupa. Lakini hiyo ni redio, si gari. Itengeneze kama redio."

Alikuwa ananitania, lakini maneno yale yalinitoa pale mbio. Nyuma ya msikiti wa mji palikuwa na duka la mzee mmoja wa Kiislamu, muuza vitambaa, niliyekuwa namtengenezea redio yake. Nilikumbuka kuona kwake mashine ya zamani ya vipaza sauti vya msikiti, iliyoungua mvua ilipoingia. Nilipoifungua nikakuta transista mbili kubwa, nzima, za ukubwa niliotaka.

"Chukua, mwanangu," mzee akasema. "Zilikuwa zinatuamsha alfajiri. Sasa zimwamshe mkeo."

Mbili. Nilizifunga kwenye leso kama mayai.

Sasa kuna jambo jingine la kueleza. Ganda la transista ya namna ile lina umeme, na kisanduku kimefungwa kwenye bodi ya gari. Vikigusana, basi. Kwa hiyo katikati huwekwa kipande chembamba cha ulanga, madini ang'avu kama ngozi ya kitunguu, kinachozuia umeme lakini kinaacha joto lipite kwenda kwenye yale mapezi ya aluminiamu. Nilipotoa transista iliyokufa, ulanga ule ulivunjikavunjika mkononi mwangu. Nikakata kadi ya pakiti ya sigara, nikaipaka mafuta, nikaiweka mahali pake. Gari likawaka! Mke wangu akapiga vigelegele mlangoni, mtoto mgongoni. Dakika kumi baadaye likazimika. Kadi ilikuwa imezuia umeme vizuri sana, na joto nalo ikalizuia. Transista ya kwanza ilikuwa imejipika yenyewe.

Imebaki moja. Siku zimebaki tano.

Jawabu lilikuwa mezani kwangu muda wote. Nilikuwa na kisahani cha jiwe la sabuni, kama vile vinavyochongwa Tabaka, ambacho nilikitumia kuwekea chuma cha kulehemu kikiwa moto. Nilikuwa nazunguka meza, nikakiinua ili nipate nafasi, nikakiangusha upesi. Chuma kilikuwa juu, lakini mpaka chini palikuwa pa moto. Jiwe lilikuwa linapitisha joto. Nikachukua betri na balbu, nikajaribu umeme. Balbu haikuwaka. Nikajaribu tena pembeni, nikajaribu na jiwe likiwa la moto. Haikuwaka.

Alhamisi nilikuwa Tabaka. Mchongaji niliyeelekezwa alikuwa mtu wa makamo, mweupe wa vumbi hadi kope, ameketi kati ya viboko na bata wa mawe.

"Mbuya mono," akaitikia salamu yangu kwa Kikisii. "Unataka mnyama gani?"

"Sitaki mnyama. Nataka kipande bapa, chembamba kama ukucha, chenye matundu manne hapa na hapa." Nikamwonyesha mchoro.

Akautazama mchoro, akanitazama mimi. "Hiki kinakaa wapi?"

"Ndani ya gari. Ndani ya kisanduku."

"Hakuna atakayekiona?"

"Hakuna."

"Nimechonga miaka ishirini. Sijawahi kuombwa kitu cha kufichwa." Lakini alikuwa ameshachukua jiwe, analigonga kwa ukucha, analisikiliza. "Ukucha wa nani? Wangu au wa mtoto?"

"Wa mtoto."

"Hapo tutavunja mengi. Njoo kesho."

Kesho yake nilifika mapema mno, nikamkuta anasugua jiwe moja kwa msasa ndani ya beseni la maji. Manne yalikuwa yamevunjika, yamepangwa ukutani. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. "Wewe," akasema bila kuinua kichwa, "ukitikisa ardhi hivyo hata hili litapasuka. Nenda ukanunue ndizi." Nikaenda. Niliporudi alikuwa amelifunga kwa jani la mgomba. Nikalifungua. Lilikuwa laini, jepesi, linang'aa kama jino. Nilimshukuru mara tatu. Sikujiuliza linang'aa kwa nini.

Nilifika nyumbani Ijumaa jua likiwa juu ya migomba, kidole kimoja tu. Sisi ni Wasabato. Nilikuwa nimeshashika bisibisi mke wangu aliposimama mbele ya boneti.

"Baba watoto, jua linazama."

"Dakika ishirini tu."

"Lina dakika tano. Hutaifungua Sabato na chuma mkononi kwa ajili ya kazi yangu. Nikienda kaskazini, nitakwenda. Lakini sitakwenda kwa hilo."

Niliweka bisibisi chini. Sijawahi kupitia Sabato ndefu kama ile. Kanisani mwili wangu ulikuwa benchini, vidole vyangu vilikuwa vinalehemu. Tuliposimama kuimba nilifurahi kwa sababu tu ni kusimama. Mke wangu alinitazama kutoka upande wa akina mama, akatikisa kichwa polepole, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza, na yeye ndiye aliyetulia.

Jumapili jua lilipochomoza nilikuwa nimeshainama. Jiwe likakaa mahali pake, matundu yakalingana kana kwamba limetoka kiwandani. Nikafunga transista ya pili, ya mwisho. Gari likawaka. Nikaweka kidole kwenye mapezi ya kisanduku, nikingoja joto lifike, maana joto likifika nje ndiyo dalili kwamba ndani kuna usalama. Dakika tano, mapezi baridi. Dakika nane, baridi. Kisha nikasikia harufu ya mshumaa.

Nilizima kwa haraka nikajigonga kichwa kwenye boneti. Nilipofungua, jiwe lilikuwa linatoka jasho. Nta! Mchongaji alikuwa ameling'arisha kwa nta, kama anavyong'arisha kila kitu kinachotoka mikononi mwake, pande zote mbili, na nta ile ilizuia joto lisipite. Hilo ni kosa ambalo ungelipata Tabaka tu, kwa mtu anayeheshimu kazi yake. Na la kwangu lilikuwa kubwa zaidi: nilimwambia unene, nilimwambia matundu, sikumwambia kwamba mahali penyewe pana moto. Mtu akikufanyia kazi, mweleze kitu kinakwenda wapi na kitapata nini huko. Tangu siku ile hilo nimewaambia mafundi wote niliowafundisha.

Transista ilikuwa hai bado. Niliipima mara nne.

"Hiyo nta inatolewa kwa kitu gani?" mke wangu akauliza.

"Kwa joto. Lakini ikiingia ndani ya jiwe..."

"Vyombo vyangu vya kazi nachemsha kila siku. Lete."

Akaliweka kwenye sufuria ya maji baridi, akatia sabuni iliyokunwa, akawasha moto mdogo. Alisema tukilitia kwenye maji ya moto moja kwa moja litapasuka kama glasi. Nilizunguka jiko. Nta ikapanda juu, macho madogo madogo kama ya supu. Akamwaga maji, akaanza upya. Mara tatu. Mwishowe jiwe likatoka la kijivu, kavu, halina uzuri wowote. Mchongaji angelia.

Saa tisa alasiri gari lilikuwa linanguruma tena. Dakika ya sita mapezi yakapata uvuguvugu. Dakika ya kumi na tano sikuweza kuacha kidole juu yake, na sijawahi kufurahia kuungua kama siku ile. Tuliliacha nusu saa. Hapo nikamwambia, "Kesho usilizime mpaka urudi. Popote utakapofika, liache lingurume. Sijui kama litawaka tena likizimwa njiani likiwa bado la moto."

Jumatatu aliondoka kukiwa na umande. Sikufungua kibanda. Nilitembea hadi kona, nikarudi. Mtu alileta redio, nikamwambia aje kesho. Kila injini iliyopanda kutoka upande wa Nyamira niliisikiliza kwa magoti.

Alasiri gari likatokea, kasi, likasimama mbele yangu. Mke wangu akatoka na gauni lake la kazi limelowa matope.

"Nimefika kituoni, nimetia sahihi," akasema akinipita. "Kazi ni yangu. Lakini kuna mama huko juu, mtoto amelala vibaya, nahitaji mkoba wa pili." Akaingia ndani, akatoka na mkoba, akautupa kwenye kiti. Ndipo sote wawili tukasikia kimya.

Alikuwa amelizima. Kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake.

Alinitazama. Nilitaka kumwambia angoje kidogo, nifungue, niguse, nipime. Yeye akaketi, akashika ufunguo kwa vidole viwili kama anavyoshika sindano, akauzungusha. Starta ikalia mara moja, mara mbili, mara tatu.

Likawaka.

Hakuniaga. Alirudi nyuma, akageuza, akapanda mlima. Nilisimama barabarani nikimsikia akibadilisha gia, ya pili, ya tatu, akarudi ya pili pale penye mteremko wa mto, kisha migomba ikameza sauti yote. Mtu wa redio alikuwa amerudi, anangoja kibandani. Nilimwona. Nikaendelea kusimama.