Punda Aliyejua Njia ya Kilabuni

Ndugu zangu, leo naweza kutabasamu nikisimulia, ila siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke nizame, maana aibu yangu ilikuja na miguu minne na masikio marefu, mbele ya mchungaji na kwaya nzima.

Mnajua nilikuwa mlevi, kijiji kizima cha Hirbadaw kilijua. Nikaokoka, nikasimama kanisani nikashuhudia kwamba mimi na pombe basi, mke wangu Mama Neema akalia kwa furaha, na baadaye wakanichagua mzee wa kanisa. Punda nilimnunua baada ya hapo, mnadani Basotu (hilo mlikumbuke), akiwa bado mtoto, hajawahi kubeba hata dumu la maji.

Ukaja msimu wa ile mvua ya mawe. Maharage yote yakalala chini, na kabla hatujakaa sawa ng'ombe wetu wa maziwa akafa akizaa. Niliomba, jamani, niliomba mpaka sauti ikakauka, nikaona kimya. Siku moja natoka kusaga mahindi, na mashine iko jirani na Mama Bura anayepika pombe, nikajiambia nipite uani kwake, kikombe kimoja tu, nipooze moyo. Kikombe kimoja, mimi huyu! Ikawa kila nikienda kusaga napenya kwenye ua wake wa minyaa, namfunga punda mlango wa nyuma, Mama Bura anampa machicha ya pombe na mimi ananipa changu, halafu nanunua pipi ya kuua harufu (eti nimewaweza), na Jumapili nasimama mbele kusoma neno. Nilikuwa nikisoma huku moyo unaniuma, lakini nilisoma.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Mchungaji akauliza nani ana punda wa kubeba magunia ya sadaka mpaka kanisani, kwaya isindikize. Mzee Gidamis akasema wake yupo. Mimi na kiherehere changu nikadakia, "Hapana mzee, wangu ndiye mpole."

Tukaondoka, punda mbele na kamba mkononi mwangu, mchungaji na joho lake, kwaya nyuma inaimba, Mama Neema akiwa katikati yao. Tulipofika kwenye mashine, punda akakata kona. Nikavuta, naye akavuta, akapenya kwenye minyaa na magunia yake, na kwaya, kwa kuwa waliambiwa wafuate punda, wakapenya nyuma yake wanaimba! Akaenda kusimama mlango wa nyuma, akalia kwa sauti yake yote. Mama Bura akatoka na karai la machicha, macho kwa punda tu.

"Karibu rafiki yangu," akamwambia, "na bosi wako leo nimemwekea ile ya jana." Ndipo akaliona joho. "Shikamoo mchungaji."

Kwaya ikazima mmoja mmoja, isipokuwa besi mmoja aliyekuwa bado nje ya ua, akaendelea peke yake.

"Huyu punda," nikaanza, "labda mwenyewe wa kwanza alikuwa..."

"Baba Neema," mke wangu akasema taratibu, "tulimnunua akiwa mtoto."

Nikasema, "Ni mimi. Nimerudi kunywa." Nikamkabidhi mchungaji kamba, nikageuka kwenda nyumbani, na nawaambia ukweli, moyoni nilikuwa nimeshamaliza, kanisani sirudi tena maisha yangu yote. Mama Neema akanikamata mkono wa koti.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Kanisani nitaingiaje?"

"Kwa mlango," akasema, machozi yanamtoka. "Huku ulikuwa unaingia huoni aibu, kule ndiko unaogopa?"

Mchungaji akanirudishia kamba. "Mzigo haujafika, ndugu yangu," akasema. Basi nikaufikisha, nimeinamisha kichwa njia nzima, na hakuna aliyeimba mpaka tulipokaribia kanisa.

Uzee wa kanisa nilivuliwa, na ilikuwa haki. Sasa nakaa benchi la mwisho. Wenzangu wananishauri nimuuze punda, au nizunguke njia ya juu, lakini unga unasagwa palepale na mimi ni yuleyule. Nimeapa sitasema tena mbele za watu kwamba mimi na pombe basi. Naahidi ya leo, na kesho nikiamka naomba upya, hata nikiona kimya.

Juzi nimepita pale na punda, mzigo wa unga mgongoni. Akapita moja kwa moja, hata sikio hakugeuza. Aliyesimama ni mimi. Harufu ilinijia, nikabaki nimeganda pembeni ya minyaa, mate yamenijaa mdomoni, mpaka kamba ikakaza mkononi, maana mwenzangu alikuwa anaenda nyumbani. Nikamfuata.