Mikono Miwili ya Dada Yangu

Dada yangu mkubwa alikuwa akirusha mpira kwa mikono yote miwili, na aliyemfanya hivyo ni mama, bila kukusudia. Dada alizaliwa mashoto. Kwetu Kibokoni mtoto hawezi kutia mkono wa kushoto kwenye sinia akasalimika. Alichapwa vidole mpaka mkono wa kulia ukajua kazi, na wa kushoto akaubakishia mawe ya kuangushia kungu mtini kwa jirani.

Alipoingia sekondari, mwalimu mmoja wa kutoka bara akawaletea wasichana besiboli. Wallahi, hatukujua hata ni mchezo gani. Dada akarusha kwa kulia, akarusha kwa kushoto, mwalimu akabaki kucheka peke yake. Ndipo akamfundisha kanuni: mrushaji wa mikono miwili amwoneshe refa mkono atakaoutumia kabla hajaanza na mpigaji, na asibadilishe mpaka amalizane naye. Ila akiumia, ruhusa kubadilisha, lakini mkono ulioumia haurudi tena mchezoni siku ile. Dada alitusomea kanuni hiyo nyumbani kama hotuba ya Ijumaa, hadi tukamwambia, "Basi, tumesikia!"

Mwaka jana akapatwa na kiharusi. Miaka arobaini hajafika. Upande wa kulia wote ukalala, akarudi kwa mama na watoto wake, nami nikawa nakwenda kila jioni kuwasaidia. Alichoomba hakikuwa kikubwa: ale kwa mkono wake mwenyewe.

Mama hakukubali. Haukuwa ukali, ilikuwa huruma iliyopotea njia. Hakutaka wageni wamkute mwanawe anakula kwa kushoto, wakatoka kumsema. Basi akawa anamfinyangia matonge ya wali na kumtia kinywani, mwanamke mzima, mbele ya watoto wake. Kila tonge likija dada alifumba macho. Roho ilikuwa ikiniuma, nikijua anavyoona haya.

Siku moja akasema, kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito, "Mama, hata kwenye besiboli mkono ukiumia hubadilishwa."

"Ule ni mpira," mama akasema. "Hii ni sinia. Haya, fungua kinywa."

Nikamwita sheikh wa msikiti wetu, akamweleza mama kwa upole kwamba mwenye udhuru hana kosa. Mama akaitikia, "Naam, sheikh," akamkaribisha kahawa. Sheikh alipotoka tu, tonge! Nilikasirika nikaondoka bila kuaga.

Mwezi uliopita mama alijilaza baada ya adhuhuri, hakuamka. Innalillahi.

Siku ya hitima wanawake tulikaa wanne wanne kwenye masinia ya pilau. Nilikaa ubavuni mwa dada, nikafinyanga tonge, nikampelekea. Akageuza uso. Akatia mkono wa kushoto kwenye sinia, mbele ya mashangazi wote, akafinyanga, akala. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu yeyote atakayefungua mdomo. Lakini mashangazi wakainamisha macho wakaendelea kula.

Alikula vizuri, hata punje haikuanguka. Kisha nikamtazama usoni. Analia, wali ungali kinywani.

"Dada, umekula mwenyewe," nikamwambia. "Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka aniruhusu," akasema.