Kidonge Kisichogawika

Mtaani kote shangazi yangu anaitwa Mkasi, na watu hawajakubaliana kwa nini. Wengine wanasema ni kwa sababu ya ushonaji, maana hakuna siku anayoonekana bila mkasi shingoni, umening'inia kwa utepe. Wengine wanasema ni ulimi. Mimi nimekulia ng'ambo ya ua kutoka kwake, na bila kutia chumvi nasema wote wako sahihi.

Ni dada wa baba. Baba alipofariki, watu walidhani Shangazi atarudi nyuma kidogo, atuachie mambo yetu. Wapi. Nyumba yake na yetu zinatazamana, katikati kuna ua wa saruji wenye bomba moja na kamba ya nguo, na milango ya jikoni ilikuwa wazi kutwa. Yeye na Mama waliitana wifi, ila hawakuwa mawifi wa kuchunguliana. Pasi ilikuwa moja, mwavuli mmoja, hata viatu vya kutokea vilikuwa na zamu. Na miwani ya kusomea ilikuwa moja. Shangazi aliinunua, akaona inamfaa, akakata shauri kwamba basi itamfaa na wifi yake. Mama aliivaa miaka mingi huku kichwa kikimgonga, na kila akiivua alisema asante. Hakuweza kumwambia Mkasi hapana usoni. Sijui nani angeweza.

Kisha Shangazi akapata uvimbe kwenye titi. Alipasuliwa, na kipande cha uvimbe kikapelekwa maabara. Majibu yaliporudi, daktari, mama mmoja mpole mwenye sauti ndogo, alituketisha wote watatu. Akaeleza kwamba seli za uvimbe ule zilikutwa na alama: zina vishikio vidogo vya kunasia homoni za mwili, na homoni hizo ndizo zinazoulisha ugonjwa. Kuna kidonge kinachokaa palepale kwenye vishikio, homoni ikija ikute nafasi imekwisha kaliwa. Kidonge kimoja kila siku, kwa miaka.

"Bila kuruka," daktari alisema, akamtazama Shangazi, akarudia, "bila kuruka." Nadhani alikuwa ameshamsoma.

Kidonge kilimkubali. Alirudi kwenye cherehani yake akiwa na uso uleule na makelele yaleyale, akageuka mhubiri. Ukienda kupunguziwa suruali unarudi na hotuba ya kidonge. Alikisifu kama mtu anavyomsifu mkwe aliyemchagua mwenyewe.

Ndipo zamu ya Mama ikafika. Ugonjwa uleule, titi vilevile. Mimi nililia, na Shangazi, Mungu amsamehe, alikuwa karibu kufurahi.

"Wifi, huu ugonjwa nimeshaujua," alisema. "Usijitie wasiwasi. Utapewa kidonge changu, tutakuwa tunameza pamoja."

Lakini kipande cha Mama kilipotoka maabara, hakikuwa na alama hata moja kati ya zile walizokuwa wakizitafuta. Daktari alisema taratibu, "Saratani ya titi ni jina la ukoo tu. Ndani ya ukoo kila mmoja ana tabia yake. Hii ya Mama haina pa kushikwa na kile kidonge. Akikimeza kitapita tu, na usumbufu wake atauona. Yeye tutampa dawa kali kwa dripu."

Njiani ndipo Shangazi alipofungua mdomo. "Wamechukua kipande kama punje ya mchele," alisema, "ndio wanataka kuniambia wao wanamjua wifi yangu?" Mama akamshika mkono, akasema tuwahi kabla ya jua kali.

Dripu zilianza. Nywele za Mama zikadondoka, chakula kikawa adui. Jumamosi moja kifungo cha blauzi yangu kilikatika, nikachukua kopo la biskuti ambalo Mama alikuwa anatunzia vifungo. Chini kabisa, chini ya vishikizo na zipu za zamani, nikakuta vifurushi vilivyofungwa kwa vipande vya bitana. Nikafungua kimoja. Kilikuwa na vidonge, na vidonge vile ningevitambua hata gizani.

Mama alikuwa ameketi uani, kitambaa kichwani, miguu juani.

"Mama, hivi ni nini?"

"Vya wifi. Huwa ananiletea."

"Unavimeza?"

"Nivimeze vipi na daktari alisema havinifai? Lakini anakuja navyo amefurahi. Nimwambieje sasa? Nadhani hospitali wanampa vya ziada."

"Hospitali hawampi mtu vya ziada, Mama."

Nilimwona rangi inavyombadilika. Nikamwita Shangazi kwa sauti ambayo sikuwahi kumwitia. Alikuja na pini mdomoni, akaona kopo mapajani mwangu, akaanza kuzitoa pini moja moja na kuzichoma kwenye kola ya gauni lake. Hakuwa na haraka. Hakukana pia.

"Leo changu, kesho chake," alisema. "Tangu alipoanza dripu."

Yaani alikuwa anameza siku moja, anaruka siku moja, mtu aliyeambiwa mara mbili asiruke. Nilifoka. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii shangazi yake, na sijutii, ingawa majirani walisikia. Aliniacha nikachoka mwenyewe.

"Umemaliza?" akauliza. "Huyu wifi, kaka yangu aliniachia mimi. Unataka ninywe dawa nipone, halafu nikae pale dirishani nimtazame anavyokwisha? Kimenisaidia mimi. Yeye kitamshindaje? Hata kidogo?"

Nilitaka kumwambia habari za vishikio na homoni, maneno yote ya daktari yakanipotea. Nikaiona ile miwani, iko kwenye meza ya cherehani mlangoni kwake. Nikaenda kuichukua, na pakiti ya sindano pamoja nayo.

"Mama, vaa. Msomee Shangazi hapa."

"Niache na miwani yenu."

"Vaa, Mama."

Akavaa. Akaisogeza pakiti karibu, akaipeleka mbali, akakunja uso. Midomo ilichezacheza, hakuna neno lililotoka.

"Maandishi siyaoni," alisema.

"Hujayaona tangu lini?"

Mama aliangalia chini. "Sijawahi kuyaona vizuri."

Shangazi alikodoa macho. "Na magazeti? Siku zote hizo unakaa na gazeti langu?"

"Nilikuwa naangalia picha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, wifi."

Siku nyingine tungecheka mpaka mbavu ziume. Nikamwambia Shangazi, safari hii kwa upole, kwamba miwani haina ubaya, ila ni ya macho yake. Ya Mama ni macho mengine. Na kidonge ni vivyo hivyo.

Aliketi kwenye ngazi ya mlango. Siku ya mazishi ya baba mwanamke huyu alikuwa anapanga viti na kuwagombeza wapishi, sikumwona machozi. Sasa yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyafuta.

"Kwa hiyo sina cha kumpa," alisema.

Mama aliinuka. Ilimchukua muda, maana alikuwa hana nguvu, akaenda akaketi kwenye ngazi ileile, bega kwa bega naye.

"Hapana, wifi," alisema, na nadhani ilikuwa hapana yake ya kwanza kwa Mkasi. "Unacho. Kila asubuhi utakuja kumeza dawa yako mbele yangu, nione. Mimi nikiondoka, huyu mtoto abaki na mtu."

Tulirudi kwa daktari, akagomba kwa sauti yake ndogo, akampima, akamrudisha kwenye kidonge cha kila siku. Na kuanzia hapo, asubuhi, Shangazi alivuka ua na glasi ya maji, akameza, akafungua mdomo.

"Inua ulimi," Mama alimwambia.

"Wifi, mimi si mwizi."

"Inua."

Mama nilimpeleka akapimwa macho. Miwani yake ilipokuja alisoma kila kitu kwa sauti, mpaka maandishi ya kwenye sabuni, na Shangazi akawa analalamika kwamba nyumba imekuwa redio. Zilikuwa siku nzuri. Nazisema kwa sababu watu wakisikia dripu wanadhani hapakuwa na siku nzuri.

Dripu iliuzuia ugonjwa kwa muda, kisha ikashindwa. Mama alifia kwenye kitanda chake, mimi nimemshika mikono, Shangazi amemshika miguu. Niliumia na bado naumia.

Asubuhi baada ya mazishi viti vya kukodi vilikuwa bado vimepangwa uani. Shangazi alipita katikati yake na glasi ya maji, akasimama mbele yangu, akameza, akafungua mdomo. Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Inua ulimi," nilisema.

Tukaendelea hivyo. Mimi na yeye tunagombana sana, wote tuna midomo. Kuna siku hatukusalimiana kabisa, lakini alikuja, akameza, akainua ulimi, akageuka akaenda zake akiwa amenuna.

Mwezi uliopita daktari alimwambia miaka imetimia, vipimo ni safi, vidonge sasa basi. Nilishangilia hadi wagonjwa wengine wakageuka. Shangazi yeye aliuliza mara mbili kama daktari ana uhakika.

Kesho yake nilikuwa nachemsha chai nikasikia mlango. Alikuwa amesimama pale na glasi ya maji, mkono wa pili mtupu.

"Leo sina kitu," alisema. "Niangalie tu."

Akafungua mdomo. Nikazima jiko, nikamsogelea.

"Inua ulimi," nikamwambia, naye akainua.