Shihi Iliyofukizwa Udi

Nilipanda Jabali Akhdari, mlima wa huku Omani, karibu nigonge mbingu kwa kichwa, nikachuma shihi, mmea wenye harufu kali. Ungekuwa wa kwanza kuwekwa kwa jina langu katika hifadhi ya mimea mikavu ninayofanyia kazi tangu nimalize skuli ya usiku. Nilipoukausha nyumbani, mama akaufukiza udi kama kanzu ya Ijumaa.

Mkuu wangu, Mzanzibari mwenzangu, akaunusa. "Hii shihi au bibi harusi? Ndiyo elimu ya skuli yenu ya usiku hiyo!"

"Ustadhi, tazama majani basi."

Akaichana karatasi ya maelezo yenye jina langu, mmea akautupa kwenye pipa.

Nikauokota, nikayafikicha majani chini ya pua yake. Harufu ya shihi yenyewe ikaushinda udi, ikamtoa machozi ya mwaka mzima. Radhi hakuomba, alinisukumia karatasi mpya.

"Andika. Na hati yako isomeke."