Ng'ombe Aliyefungua Kompyuta ya Winifred

Winifred wa Kabuga hushona magauni ya watoto ya kwendea kanisani, na kasi yake si ya kawaida. Mtoto akipiga chafya wakati wa kupimwa, kabla hajafuta pua gauni limeshapigwa pasi. Msinikodolee macho, ulizeni Kabuga nzima. Shida yake ilikuwa mahali. Cherehani ilikaa sebuleni, imebanwa kati ya kabati na kitanda cha mwanawe Shimwa, na wateja walisubiri wamekalia ndoo. Kwa hiyo aliposikia amepangiwa kibanda katika soko jipya, alicheza hadi misumari ya bati la jirani ikalegea.

Lakini kibanda kilikuwa bado hakijawa chake. Ofisi ya soko ilitaka kila aliyepangiwa aingie kwenye akaunti yake katika tovuti yao, abonyeze kwamba amekubali. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Asiyebonyeza, kibanda kinakwenda kwa anayemfuata, na waliokuwa wakimfuata walikuwa wengi kama siafu.

Alhamisi Winifred aliifungua kompyuta yake kuukuu, akasema, ngoja kwanza nimalize mkono huu mmoja wa gauni. Hapo ndipo mumewe Karangwa alipoingia na chai ya maziwa. Kikombe cha Karangwa si kikombe, ni ndoo iliyoota mkono. Akakitua pembeni ya kompyuta, akageuka kutafuta sukari, kiwiko kikapita na kikombe. Kompyuta ikakohoa, ikatoa mvuke wenye harufu ya tangawizi, ikazima.

"Ni paka," Karangwa akasema.

"Baba Shimwa, sisi hatuna paka."

"Si ndiyo maana? Hatujazoea kujihadhari."

 Winifred aliifunga kompyuta kwenye kanga, akaipeleka mtaa wa Biryogo kwa Kagabo, fundi ambaye meza yake imejaa matumbo ya kompyuta kuliko bucha ilivyojaa ya mbuzi. Akaiacha pale. Ijumaa asubuhi, Kagabo hajamaliza hata kufungua mlango, Winifred alikuwa amesimama kizingitini.

"Dada Wini," Kagabo akasema, "hii mashine imenyonya kuliko ndama. Na diski yake imekufa, wallahi, haina hata pumzi."

"Sitaki matanga. Nataka kuingia kwenye tovuti ya soko."

"Ingia na kompyuta yangu. Neno la siri ni lipi?"

"Silijui. Kivinjari ndicho kilichokuwa kinalijua. Nilikuwa nafungua, kurasa zangu zote zimejipanga hapo juu, nabonyeza, inaingia yenyewe."

"Basi waombe wakutumie jingine kwa barua pepe."

"Na la barua pepe kinalijua kivinjari."

"Basi kwa simu."

"Laini niliyoandikisha ilidumbukia chooni mwaka juzi. Unataka nikushikie tochi ukaitafute?"

Kagabo akakuna kichwa kwa bisibisi. Akamwuliza kama aliwahi kukiambia kivinjari kile kiweke akiba ya vitu vyake kwenye intaneti. Winifred akafikiri. Ndiyo, aliwahi, mara moja tu, wiki ileile aliyoolewa, kompyuta ilipokuwa bado ngeni nyumbani.

"Alhamdulillahi! Basi havijafa. Viko ghalani huko mbali, vimefungwa kwa neno moja ulilolichagua siku ile. Ukiliandika hapa, kurasa zako zinarudi, na maneno yako yote ya siri yanarudi."

"Na hapa palipoandikwa Nimesahau?"

Kagabo akamdaka mkono kama anayemdaka mtoto pembeni ya jiko. "Hapo usiguse! Ukigusa watakupa ufunguo mpya, sawa, lakini wa ghala tupu. Vilivyofungwa kwa neno la zamani vinafutwa."

Winifred akaurudisha mkono, akaukalia kabisa usije ukajiendea wenyewe. Neno alilikumbuka nusu. Alikuwa ameweka jina la ng'ombe wake, na kwa kuwa kompyuta ilisema ni fupi, akaliandika mara mbili mfululizo. Alijiambia siku ile, nani anayesahau jina la ng'ombe wake?

Anayelisahau ni yule ambaye ng'ombe wake hana kwato. Mnajua harusi zetu za mjini hapa Rwanda. Siku ya kuposa, ukoo wa mume unamleta msemaji, mzee mwenye ulimi wa asali, anasimama na fimbo, anamsifu ng'ombe mbele ya watu: pembe zake, macho yake, mwendo wake, jina lake. Watu wanapiga makofi. Kisha anatoa bahasha ya noti. Ng'ombe yumo ndani ya bahasha. Winifred mwenyewe wakati huo alikuwa chumbani na mashangazi, kama ilivyo desturi, bibi harusi haonekani mpaka aitwe. Jina aliletewa. Siku zile kila mtu nyumbani alilitaja, yeye naye akaliandika. Lakini ng'ombe asiyekamuliwa haitwi jioni, na asiyeitwa jina lake hupotea.

Akampigia Karangwa.

"Baba Shimwa, ng'ombe uliyenitolea aliitwa nani?"

"Mama Shimwa, asubuhi hii? Nimekosa nini tena?"

"Jina."

"Gitare! Mweupe kama maziwa."

Winifred akaandika. Kivinjari kikakataa.

"Si Gitare."

"Basi Gaju. Ndiyo, Gaju, nakumbuka machozi yalinitoka."

Kikakataa tena, na safari hii kikaonya kwamba akiendelea kubahatisha kitamfungia nje.

"Yalikutoka kwa pilipili," Winifred akasema, akakata simu. Akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi, dada? Saa nne imeshapita!"

"Kwa aliyemzaa huyo ng'ombe."

Msemaji wa harusi yao alikuwa Mzee Zephaniah, na namba yake hakuna aliyekuwa nayo, ila kila mtu alijua anakula wapi: mtaa wa Gisimenti, kwenye baa moja yenye mishikaki ya mbuzi, meza ya pembeni. Winifred akapanda pikipiki. Dereva aliombwa akimbie, akasema sheria, akaombwa tena kwa lile jicho la Winifred, na nasikia walipofika kofia mbili ngumu zilikuwa bado ziko Biryogo zinawafuata kwa miguu.

Mzee Zephaniah alikuwa anang'oa nyama kwenye mshikaki kwa heshima kubwa.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuuliza jina la ng'ombe wangu."

"Binti yangu, kaa kwanza. Ule. Mambo ya ng'ombe hayasemwi mtu amesimama."

"Nitakaa nikiwa na kibanda."

Akamweleza yote, chai, diski, saa sita. Mzee akasikiliza huku akitafuna, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Nimesemea harusi nyingi, binti. Unataka nikumbuke ya kwako?"

"Nilisimuliwa ulisimama na fimbo ukasema macho yake yanawatuliza watoto wanaolia. Shangazi yangu alizimia. Mtu hasahau ng'ombe wa namna hiyo."

Mzee akatazama juu, akatazama chini, akainamia meza na kunong'ona kama anayetoa siri ya ufalme. "Bihogo. Mwekundu wa giza, mwendo wa malkia. Hakuna mwingine kama yeye Rwanda nzima."

Winifred akalikumbuka jina palepale, kama mtu aliyeguswa bega. Bihogo! Akampigia Kagabo, na kwa kuwa muziki wa baa ulikuwa juu, akapaza sauti.

"Kagabo! Andika Bihogo! Mara mbili, herufi ndogo! Bihogo, nimesema!"

Mhudumu aliyekuwa anapita na sinia akasimama. "Samahani, dada. Huyo Bihogo ni wangu. Nilitolewa yeye mwaka jana."

"Wako tangu lini?" akasema mama wa kaunta. "Bihogo ni wangu mimi. Macho yanayotuliza watoto."

"Ya wangu pia yanatuliza!"

Wote watatu wakamgeukia Mzee Zephaniah. Mzee alikuwa ameuinua mshikaki mtupu mbele ya uso wake, anajificha nyuma yake.

"Ni ng'ombe mvumilivu," akasema.

Kwenye simu Kagabo alikuwa anapiga kelele: "Limekubali! Kurasa zinarudi, dada, zinaingia moja moja kama wageni wa harusi! Nibonyeze hiyo ya soko?"

"Usiguse! Kibanda changu nitakipokea kwa kidole changu!"

Mnajua alivyorudi. Sitasema ile pikipiki iliruka bonde, ila abiria wa chini waliona kivuli. Biryogo, adhuhuri ilikuwa inakaribia, watu wanatawadha kwa ajili ya sala ya Ijumaa, na Kagabo naye suruali amekunja, mguu mmoja tayari umelowa. Kwenye kioo cha kompyuta kurasa zake zote zilikuwa zimejipanga hapo juu, mahali pake pa zamani. Akabonyeza ya soko. Ikaingia yenyewe. Akalisoma jina lake, akalisoma tena, akabonyeza: Nimekubali.

Kisha hakuinuka. Akamwambia Kagabo ageukie ukuta, maana neno ambalo nusu ya Gisimenti inalijua si neno tena, akaweka jipya.

Sasa nendeni sokoni Kabuga mkamwone. Cherehani ina nafasi ya kunyoosha miguu, wateja wana benchi. Karangwa anamletea chai, ila yake anainywa nje, ng'ambo ya mtaro, amekatazwa kuvuka. Juzi akamwuliza kutoka hukohuko:

"Mama Shimwa, na hilo neno jipya ni nini?"

"Ni jina la ng'ombe."

"Yupi tena?"

Winifred hakuinua macho kwenye gauni. "Nitakayemnunua kwa pesa za kibanda hiki. Mwenye kwato. Siku akifika, utanisikia nikimwita."