Kikao Kilichopitisha Kaburi la Mume Wangu

Kaburi la mume wangu liko nyuma ya nyumba, jirani na ua wa minyaa. Ndipo alipotaka mwenyewe. Wachimbaji wadogo wa huku Mwakitolyo walipogundua kuwa dhahabu imepita chini ya uwanja wetu, walimfuata kaka mkubwa wa marehemu, wakaomba kufungua duara, yaani shimo lao la kuchimbia. Duara lenyewe lingeanzia palepale alipolala. Ingebidi afukuliwe, ahamishiwe kwingine.

Kwetu jambo la namna hiyo mtu mmoja haliamui. Ukoo unakaa. Lakini ukoo wenyewe umetawanyika: wifi yangu anauza vitenge Kahama, shemeji mdogo anaendesha bodaboda kule Bulyanhulu. Wakasema tukae kwa simu, kila mtu alipo, tuonane kwenye kioo. Nikakubali bila wasiwasi. Wifi yule siku ya mazishi alishikiliwa asijirushe kaburini. Shemeji mdogo ndiye aliyelisakafia kaburi kwa mikono yake. Nikajiambia, hawa hawawezi.

Sasa Msukuma hakurupuki na jambo. Kwanza salamu. Shikamoo kwa kila mkubwa, mwadila ya Kisukuma kwa kila aliyeingia, watoto je, ng'ombe je, huko mvua zimeanza? Tukikaa uwanjani salamu hizo zinatufunga pamoja, maana unaniamkia huku unaniangalia. Kwenye simu kila mmoja alingoja zamu yake, akaamkia, akazima maiki. Akishazima, ndiyo kaondoka. Wifi nilimwona anapima kitenge kwa mkono. Kioo cha shemeji mdogo kilikuwa cheusi tii. Simu kaitia mfukoni.

Mimi nilikaa kimya, na si kwa kupenda. Jambo likikugusa wewe, husemi mpaka ukoo useme kwanza, halafu mwenye kikao akugeukie. Nikangoja waseme.

Shemeji mkubwa, ndiye mwenye kikao, akaeleza habari ya duara vizuri, hakuficha kitu. Kisha akauliza kama wakubwa wanavyouliza.

"Kuna mwenye neno?"

Kimya.

Akauliza mara ya pili. Nikaona midomo ya wifi inacheza, nikajua huyu sasa anamtetea kaka yake. Kumbe anapatana bei na mteja. Mara ya tatu hata midomo haikucheza.

"Basi," akasema shemeji mkubwa, "kimya cha ukoo ni ndiyo ya ukoo. Jambo limepita."

Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika vilevile. Mtu aliyezikwa na umati ule, anafukuliwa kwa kimya!

Haukupita muda, wifi akapiga.

"Wifi yangu, nisamehe, wateja walinizidi. Mmefikia wapi?"

"Mmekubali kaka yako afukuliwe."

"Nani kakubali?"

"Wewe."

Nikasikia kitu kimeanguka upande wake, kisha kilio. Baadaye akapiga shemeji mdogo, naye hana habari. Nilipomwambia, alichoweza kujibu ni kimoja tu: "Shemeji, mimi nilijua bado mnasalimiana."

Asubuhi nikaenda kwa shemeji mkubwa, nimevimba kwa hasira. Shikamoo niliitoa, maana adabu ni adabu, lakini kiti sikukubali. Nikamuuliza kama kweli ndicho alichotaka. Akainamisha kichwa.

"Mwenye kikao hana neno lake. Niliuliza mara tatu huku namwomba Mungu mmoja wenu akatae. Na kiongozi wa wachimbaji alikuwa amekaa hapa pembeni yangu, anasikia. Ningesemaje? Neno la ukoo likishasikiwa na mgeni halirudishwi."

Hapo ndipo nilipokikalia kile kiti nilichokikataa. Ina maana ukoo mzima hakuna hata mmoja aliyetaka, na jambo limepita.

Siku ya kufukua walikuja wote, hata wifi, duka kalifunga. Wachimbaji walikuwa tayari na zana zao. Kwa desturi yetu jembe la kwanza linapigwa na mtu wa damu. Kabla ya hapo mgeni hagusi kaburi. Shemeji mkubwa akampa jembe mdogo wake. Yule akaitazama sakafu aliyoisakafia mwenyewe, akampa dada yake. Wifi alilipokea, akanisogezea mimi. Nikamwambia mimi si wa damu, na hata ningekuwa nisingepiga. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilisema tu. Wifi akalirudisha kwa shemeji mkubwa, naye akabaki amelishika.

"Mzee," akasema kiongozi wa wachimbaji, "si mlisema ndiyo? Nilikuwepo, nilisikia."

"Ulisikia. Nyuso zetu uliziona?"

Yule mtu akatutazama mmoja mmoja. Alichukua muda. Kisha akawaambia wenzake wabebe zana zao waondoke.

Tulibaki pale kaburini. Simu zilikuwa zinaita mifukoni mwao. Hakuna aliyepokea.