Neno Nililomficha Mwanangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri msikilize. Mimi nimesoma chuo cha Kurani, na skuli nikaishia darasa la nne, basi. Sijui kupamba maneno. Nnaandika jambo nililomfanyia mwanangu wa mwisho, wa kike, na sitaki mnambie pole.

Kazi yangu hapa Mji Mkongwe ni usomo. Mwari anayeolewa huletwa kwangu, nikamkalisha ndani, nikamfunza mwili wake na wa mumewe, na hakuna neno linalonishinda mdomoni. Lakini mwanangu mwenyewe nilimpeleka kwa somo mwengine, Mwanakwerekwe, kwa sababu kwetu mama na mwanawe hawatajiani mambo ya chini ya kiuno. Damu yake ya mwanzo alikwenda kumwambia somo wake. Mimi nikaletewa habari baadae, nikajifanya sikusikia. Tukaishi hivyo mpaka akawa mtu mzima.

Alikuwa akishona kofia za mkono. Siku moja akamaliza kofia, upande mmoja maua yamekaa sawa, upande wa pili matundu yamekwenda ovyo. Nikamgombeza kwa uvivu wake. Kisha kichwa kikaanza kumuuma kila akiamka, na maneno yakawa yanamponyoka: anataka mkasi, anasema, "Nipe kile... kijiko." Tukavuka kwenda Dar. Akapigwa picha, ukaonekana uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto.

Daktari, mwanamke mtaratibu, akasema kuna picha nyengine.

"Uvimbe tushauona, Bi Mkubwa. Sasa nataka kujua unakunywa damu kiasi gani. Ukiwa unakunywa kidogo, tuna nafasi. Ukiwa unakunywa nyingi, basi ni ule mkali."

Akanieleza kwamba atatiwa dawa kwenye mshipa, na wakati dawa inapita na damu, mashine itapiga pale pale kichwani picha nyingi moja baada ya moja. Kisha kompyuta itatia rangi, buluu penye damu kidogo, nyekundu penye nyingi. Ni kama dakika moja tu, lakini asitikise kichwa, maana picha zote zitaharibika.

Kijana wa mashine akaniamkia, akanivuta pembeni.

"Bibi, naona mgonjwa anakuelewa wewe zaidi. Mwambie polepole. Dawa ikiingia atahisi moto mwili mzima, na atadhani amejikojolea. Hajajikojolea. Ni dawa tu. Asishtuke."

"Nshasikia," nikamjibu.

Mwanangu alikuwa ameshalazwa kwenye kile kitanda chembamba.

"Anasemaje, Mama?"

"Anasema utahisi joto kidogo. Tulia."

"Joto tu?"

"Joto tu. Soma uradi wako."

Lile neno jengine lilifika hapa, kooni. Kijana wa kiume amesimama, na mimi sijapata kumtajia mwanangu kitu kama kile tangu alipoacha nepi. Nikalimeza.

Nikatolewa nje. Haukupita muda nikasikia, "Dada, usinyanyuke! Tulia, dada!" Mlango ulipofunguliwa nikamkuta amekaa kitako, kanga ameikusanya mapajani kwa mkono mmoja, mkono wa pili una sindano, analia.

"Mama, nimejiharibu. Mbele za watu."

Nikapapasa shuka. Ilikuwa kavu.

Picha hazikufaa. Dawa ile hawakutaka kumtia tena siku ile, mafigo yapumzike kwanza, na foleni ilikuwa ndefu. Tukaambiwa turudi baada ya wiki.

Jioni, nyumbani kwa ndugu yangu tulikofikia, nikamwambia ukweli. Akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika kichwa.

"Mama! We unayefunza maharusi mji mzima, mkojo ndio uliokushinda?"

"Nyamaza, huna adabu."

"Ungelinambia, Mama. Ningelilala kama gogo."

Nikacheka na mimi. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka pamoja.

Siku ya nne akashikwa na kifafa. Alipozinduka maneno yalikuwa yamekwenda, ya kusema na ya kusikia. Siku ya picha ya pili nilimwinamia, na yule kijana amesimama pale pale, nikasema kwa sauti: "Utahisi umejikojolea, mwanangu. Hujajikojolea. Wallahi hujajikojolea." Akanitazama kama nnasema lugha ya ugenini. Nikarudia. Akanishika ushungi akauchezea. Ikabidi wamtie usingizi ndipo akatulia.

Daktari akanionesha kwenye kioo cha kompyuta. Ubongo wote buluu na kijani, na pale kushoto nyekundu tupu.

"Na ingelikuwa wiki ile, angelipona?" nikamuuliza.

"Hapana, Bi Mkubwa. Ugonjwa ni ule ule. Wiki haikubadilisha kitu."

Namwamini. Siililii wiki. Nnalolilia ni kwamba mwanangu alikuwa peke yake mle ndani ya mashine, akidhani ameaibika, na mimi nilikuwa najua kwamba hakuaibika. Na siku nilipopata ulimi wa kumwambia, hakuwa tena na masikio ya kunisikia. Kofia yake ile ninayo kabatini. Sikuiruhusu ifumuliwe.

Tulimzika kabla ya Ramadhani. Siku ya hitima, watu walipokwisha kuondoka, niliwaita wanangu na wajukuu wote uani, wake kwa waume. Nikawaambia:

"Kuanzia leo, katika nyumba hii, daktari akisema neno, mgonjwa aambiwe neno lile lile, lote, na aambiwe na aliye karibu naye zaidi. Msitafute somo, msitafute shangazi. Likiwa mkojo, semeni mkojo."